Mama anasahau, jirani kaleta kahawa ya uyoga, dada katuma vidonge: nimpe kipi?

Shikamoo Shangazi,

Samahani barua ni ndefu, nusu nimeandikia kwenye daladala na nusu nimemalizia usiku kitandani kwahiyo ukiona imechanganyika nivumilie. Mi ni dada wa miaka 31, nafanya kazi ya uhasibu hapa Dar. Mama anaishi Mafinga na mdogo wetu wa mwisho, baba alifariki mwaka juzi. Mama ana miaka 67, ana sukari huu mwaka wa tisa anatumia metfomini, ana presha anatumia amlodipini, na kuna ile junia aspirini anameza kila siku.

Mwaka jana mwishoni mama akaanza kusahau. Sio kule kusahau miwani, yaani unampigia simu anakuuliza umekula, unajibu, mnaongea mambo ya shamba kidogo anakuuliza tena umekula, ndani ya dakika kumi mara tatu. Maharage yameungua mara mbili, mara ya pili sufuria ikatupwa. Ila kilichoniliza ni cha kikoba. Mama ni mweka hazina wa kikoba chao miaka mingi, hesabu zote anazo kichwani, daftari lilikuwa la kuwaonyesha wenzake tu. Mwezi wa tatu akampa mtu mmoja mkopo ule ule mara mbili na hakumbuki kabisa, ikabidi nilipe mimi kimya kimya ili asiaibike.

Sasa kuna mama mmoja wa jumuiya yetu, jirani kabisa, ameingia kwenye biashara ya kahawa ya uyoga. Akamwambia mama hii ina ganoderma, mfalme wa mitishamba, inasafisha damu, inarudisha kumbukumbu, inaondoa sukari na presha. Boksi moja elfu 65, ndani pakiti 20, na kamwambia anywe tatu kwa siku, asubuhi, saa tisa na baada ya chakula cha usiku. Kwahiyo boksi haifiki wiki! Mi ndo nanunua. Mwezi wa pili sasa. Mama anasema anajisikia mchangamfu asubuhi ila anapata kizunguzungu, jirani anasema hiyo ni detoksi, sumu zinatoka, asiache. Na kamwambia apunguze dawa za hospitali kwa sababu ni kemikali, naskia siku hizi amlodipini anaruka ruka. Usingizi nao umekuwa wa shida, mdogo wangu anampa piriton mbili usiku ndo analala. Miguu inamchoma na ganzi lakini hiyo nadhani ni sukari.

Dada yetu mkubwa yuko Minnesota, alivyosikia akakasirika, akasema hiyo kahawa ni utapeli, akatuma chupa ya vidonge vya huko, imeandikwa uyoga 10 ndani ya kidonge kimoja, kuna lion's mane wa ubongo, reishi, chaga, kordisepsi na mingine, vidonge 60, kila kimoja miligramu 500, unameza viwili kwa siku. Ni dola 40. Anasema hiyo ndo orijino imepitishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Jirani naye anasema ya kwake ndo orijino, ananionyesha cheti cha BRELA kwenye simu.

Nimpe mama kipi? Au vyote pamoja? Na mtu ambae sio mtaalamu anajuaje uyoga mzuri kwenye lebo? Alafu swali la aibu kidogo, mi nina mtihani wa CPA mwezi wa 11, kichwa hakishiki kitu nikirudi kazini, nikichukua hivyo vidonge kidogo vya mama vitanisaidia?

Binti wa Mafinga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa ya kikoba, umefanya jambo la mtoto aliyelelewa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu, maana majibu mengine umeyaandika mwenyewe hukujua. Umeniuliza uyoga, nitakujibu uyoga mpaka uchoke. Lakini mahali nilipozungushia duara la kwanza ni pale ulipotaja piriton mbili usiku ukapita kama hukuona kitu.

Mi sio daktari. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa Morogoro miaka 19, na wamama waliokuwa wanakuja "naomba piriton za usingizi" siwezi kuwahesabu. Piriton ni dawa ya mafua na kuwashwa, usingizi ni madhara yake tu. Inazuia kemikali moja kwenye ubongo inaitwa asetilikolini, na hiyo ndo kemikali ubongo unayotumia kuweka kumbukumbu. Kwa kijana inapita. Kwa mtu wa miaka 67 haitoki mwilini upesi, ya jana haijaisha anaongezewa ya leo, na asubuhi yuko na ukungu kichwani. Wataalamu wa magonjwa ya wazee Marekani wana orodha ya dawa za kuepuka kwa watu wazima, inaitwa orodha ya Beers, na hii imo, moja ya sababu ni hiyo hiyo ya kuchanganyikiwa.

Sasa jiulize piriton imeanza lini. Usingizi ulipogoma. Na usingizi umegoma lini? Mwanangu, mama yako anakunywa kahawa baada ya chakula cha usiku! Uyoga uwemo usiwemo ile ni kahawa, na ya saa tisa alasiri inapofika saa mbili usiku karibu nusu ya kafeini bado inazunguka, alafu anaongezewa nyingine juu. Hapo hata mi nisingelala. Kwahiyo mmenunua dawa ya kumbukumbu, ikamnyima usingizi, mkampa dawa ya usingizi inayokula kumbukumbu. Sikulaumu, wala simlaumu mdogo wako, angefanya nini saa saba usiku na mama anazunguka sebuleni.

Najua kusahau kulianza kabla ya kahawa, ndo maana kuna duara la pili. Miaka tisa ya metfomini, na miguu ganzi. Metfomini ni dawa nzuri, asiiache. Ila ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikipungua mtu anapata ganzi na kuchomwa miguuni, anachoka, na anasahau. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba hili ni la kawaida kuliko walivyodhani na wapime wakiona dalili. Huenda miguu ni sukari yenyewe kama ulivyosema, huenda ni B12, huenda vyote, kinachojua ni damu. Na ikiwa ni B12 tiba yake ni sindano au vidonge tu, bei yake ukilinganisha na hayo maboksi utalia tena.

Duara la tatu ni kizunguzungu. Hapa naomba ukae chini. Kizunguzungu kwa mtu wa sukari na presha sio kitu cha kushangilia sumu zinatoka. Sumu zinatoka na figo na ini kila siku bila kumtaarifu mtu. Mama anaruka ruka amlodipini, presha inaweza kuwa inapanda. Au ni hiyo ganoderma yenyewe, maana inaweza kugusa presha na sukari kidogo na kuifanya damu ichelewe kuganda, na juu yake kuna aspirini inayofanya kazi hiyo hiyo. Kesho mdogo wako ampeleke apime presha na sukari, kesho sio wikiendi, na amlodipini irudi kila siku kama ilivyoandikwa kwenye kadi, kipimo kikija cha ajabu daktari ndo aseme. Huyo jirani kuuza kahawa sawa ni biashara, lakini kumwambia mgonjwa aache dawa za presha, hapo amevuka mpaka.

Haya twende kwenye uyoga.

Anza na boksi. Geuza nyuma, tafuta pale wanapoorodhesha viambato. Utaratibu wa vyakula karibu dunia nzima ni kwamba kilicho kingi kinaandikwa kwanza na kidogo kinaandikwa mwisho. Mi nilishaletewa boksi la aina hiyo na mpangaji wangu, nikalisoma kwa miwani: krima, sukari, kahawa, alafu mwishoni kabisa ganoderma, bila kusema ni gramu ngapi. Kama la kwenu liko hivyo, mama yako mwenye sukari anakunywa krima na sukari mara tatu kwa siku kwa elfu 65 za boksi, uyoga umepita hapo kama chumvi kwenye maji ya ugali. Na hata kama ungejaa, wachambuzi wa Cochrane walikusanya tafiti 5 za ganoderma zenye watu 398, wengi wao wagonjwa wa sukari, wakachapisha 2015, hawakuona ushahidi kwamba inasaidia sukari, presha wala lehemu. Cheti cha BRELA nacho kinasema kampuni imesajiliwa jina basi, hata saluni ya hapa kwangu inacho.

Ya dada sasa. Dada ana nia njema na amesoma kidogo, lakini tupige hesabu, wewe si mhasibu? Utafiti unaotajwa kila mahali wa lion's mane, huu uyoga mweupe wenye manyoya kama ya simba, ulifanyika Japani ukachapishwa 2009. Watu 30 wa miaka 50 mpaka 80 wenye usahaulifu mdogo, sio ule mkubwa, nusu wakapewa uyoga nusu vidonge bandia, wiki 16. Waliopewa uyoga wakafanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kumbukumbu, na walipoacha, baada ya wiki 4 alama zikaanza kushuka. Ni utafiti mzuri ila watu 30 ni wachache, darasa moja la shule ya kata linawazidi. Dozi yao ilikuwa gramu 3 kwa siku, yaani miligramu 3,000.

Kidonge cha dada ni miligramu 500, uyoga 10 ndani. Tuseme wamegawana sawa, lion's mane ni miligramu 50 kwa kidonge. Gawa 3,000 kwa 50. Mama anatakiwa ameze vidonge 60, yaani chupa nzima, kila siku, ndo afikie dozi ya wale Wajapani. Na humo humo atakuwa amemeza na chaga, ambayo ina oksalati nyingi, chumvi zinazoweza kukwama kwenye figo, na Japani kuna mama wa miaka 72 figo zake ziliharibika baada ya kulamba unga wa chaga vijiko 4 mpaka 5 kila siku miezi 6. Kwa mtu wa sukari ambae figo zake tunazilinda, chaga mi nasema hapana, hata kidogo. Kwa ujumla ukiona chupa inajisifia uyoga kumi, kumi na tano, jua unauziwa urefu wa orodha.

Umeuliza mtu asiye mtaalamu anajuaje mzuri. Hii inafundishika, na wewe umekulia Mafinga kwenye uyoga kwahiyo utaelewa haraka kuliko watu wa mjini.

Kama umewahi kumwona mkulima wa uyoga mamama, unajua zile anaziita mbegu za uyoga. Sio mbegu, ni mtama au ngano iliyochemshwa, ikaoteshwa zile nyuzi nyeupe za uyoga mpaka punje zikashikana kama kitumbua. Anazichanganya kwenye mabua, wiki kadhaa baadae ndo uyoga wenyewe unachomoza. Sasa viwanda vingi Marekani haviendi mpaka mwisho. Wanaotesha nyuzi kwenye mchele au shayiri, wanakausha vyote pamoja, wanasaga, wanajaza kwenye kidonge. Yaani wamekusagia mbegu! Kwenye lebo wataandika "mycelium", na pembeni kwa herufi za sisimizi utaona "brown rice" au "oats". Unaotaka wewe ni ule ulioandikwa "fruiting body", ndo uyoga wenyewe wenye kofia. Nisiwe mkali sana, kwenye lion's mane hata nyuzi zina kemikali zake ambazo maabara wamezipenda, lakini hapo kwenye chupa ziko pamoja na wali, na wali sokoni Kariakoo haufiki dola 40.

Cha pili tafuta neno betaglukani, zile nyuzinyuzi za uyoga ambazo ndo unazilipia, na asilimia yake. Wasipoandika hilo wakaandika "polisakaraidi asilimia 40" usibabaike, polisakaraidi ni jina la ukoo mzima, wanga umo, hata ugali ni polisakaraidi.

Cha tatu kipimo cha jikoni, hiki nilikifanya mwenyewe kwa udadisi na jirani zangu wakadhani nimeingia uganga. Fungua vidonge viwili, mimina unga kwenye maji robo kikombe, chemsha dakika tano, acha upoe kabisa maana ukiwa wa moto rangi haitokei, alafu dondoshea tincha ya ayodini ile ya kupaka kidonda, matone matatu. Pembeni weka kikombe kingine cha uji wa mahindi uliopoa, nacho dondoshea. Uji utageuka bluu nyeusi kama wino. Na unga wa kidonge ukigeuka hivyo hivyo, umenunua nafaka. Cha kwangu kiligeuka cheusi kabla tone la pili halijazama, nikakaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu. Kisipogeuka bado haijathibitisha ni uyoga uliotajwa, imethibitisha tu sio uji. Usinywe hayo maji lakini, mwaga. Kwa reishi, ambaye ndo ganoderma huyo huyo wa kwenye kahawa, kuna na kipimo cha ulimi, reishi wa kweli ni mchungu, uchungu unaokaa, ukiwa mtamu mtamu kama unga wa lishe basi reishi hayumo au yumo kwa jina.

Usidhani natia chumvi. Mwaka 2017 watafiti walipima bidhaa 19 za reishi zinazouzwa Marekani, 5 tu ndo zilikuwa na kilichoandikwa kwenye lebo. Tano! Na hiyo ni Marekani ya dada yako. Hilo la "imepitishwa na FDA" mwambie kwa upole kwamba sheria yao ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuuzwa bila FDA kuvipitisha kwanza, FDA inakuja ikishatokea shida. Anayeandika kwenye chupa ya virutubisho kwamba FDA wameipitisha anadanganya, na kama wameandika kiwanda kimesajiliwa na FDA, tumerudi kwenye BRELA. Huko kwao kuna mihuri ya USP na NSF, hao wanapima kwa hiari ya kampuni kama kilichoandikwa ndicho kilichomo na kama hakuna risasi au zebaki, na uyoga kweli unanyonya madini mazito kutoka unapoota. Akitaka kutuma hela yake aangalie mihuri hiyo, uyoga wa aina moja, fruiting body, na miligramu zimeandikwa.

Kwahiyo nimpe kipi? Kwa sasa hakuna. Sio mchanganyiko wa dada, sio kahawa, na vyote pamoja ndo kabisa usithubutu. Mkishapima, mkajua sukari, presha, B12, tezi ya shingo, figo na ini vikoje, piriton imeachwa wiki kadhaa na usingizi umerudi, ndo mtajua mama anasahau kiasi gani kweli. Na mwambie daktari kwamba baba alifariki mwaka juzi, huzuni kwa watu wazima inajificha ndani ya usahaulifu na wengi hawaisemi. Siku ya kwenda, mdogo wako abebe mfuko, atie kila kitu mama anachomeza, boksi la kahawa na chupa ya dada na piriton na aspirini, vimiminwe mezani kwa daktari. Asifiche kahawa kwa aibu. Kama baada ya hapo daktari akasema lion's mane hana neno nae, na hela ipo, na mnaelewa mnajaribu kitu chenye ushahidi mdogo, basi jaribuni miezi minne huku mmeandika kwenye daftari anavyofanya kila wiki, isipobadilika kitu mnaacha. Reishi kwa mama mwenye aspirini na dawa za presha mi nisingempa kabisa. Kuna ripoti chache pia za ini kuumia kwa watu waliokuwa wanakunywa unga wa reishi, kwahiyo katika hii miezi miwili aliyoinywa mkiona macho ya njano au mkojo kama chai ya rangi, msisubiri miadi.

Mtihani wako. 2023 kuna utafiti Uingereza, watu 41 wa miaka 18 mpaka 45, walipewa lion's mane gramu 1.8, saa moja baadae walikuwa na kasi kidogo kwenye jaribio moja la akili. Kwenye majaribio mengine mengi hapakuwa na tofauti ya maana. Sasa wewe na hivyo vidonge vyenye lion's mane miligramu 50, utafika mwezi wa 11 umemeza mchele. Umesema kichwa hakishiki ukirudi kazini, mwanangu ukirudi kazini Dar umekaa kwenye foleni masaa mawili, nani kichwa chake kingeshika. Lala saa tatu uamke saa kumi usome masaa mawili kabla nyumba haijaamka, hicho ndo kidonge nilichomlipia nacho ada mtoto wangu, na yeye ni mhasibu sasa.

Uyoga wa kula ni habari nyingine na hapo sina kipingamizi. Singapore waliwachunguza watu 663 wa miaka 60 na kuendelea, wanaokula uyoga zaidi ya mara mbili kwa wiki, kila mlo kama gramu 150 uliopikwa, upungufu wa kumbukumbu kwao ulikuwa karibu nusu ya wale wanaokula chini ya mara moja kwa wiki. Haimaanishi uyoga ndo uliofanya, huenda ni watu wanaokula vizuri na vingine, ila ni chakula, hauna sukari ya kumtisha mama, na Mafinga masika inapoingia si unauzwa kwenye ndoo pale barabarani. Uanikeni juani upande wa chini ukiangalia juu, unaongeza vitamini D kwa jua lile lile la bure. Mama yako amekuwa akichagua uyoga porini toka ana miaka sita, mkae nae achambue yeye na awasimulie upi ni upi, kwa sasa mmoja mwingine aangalie kabla haujaingia chunguni.

Kuhusu jirani wa jumuiya, usimvunjie heshima, mtakutana nae kwenye misiba. Mpigie wewe mwenyewe sio mdogo wako, mwambie "mama, shikamoo, daktari amesimamisha kahawa zote mpaka vipimo vitoke," na ukweli ni kwamba daktari atasimamisha tu. Akianza habari za kukuunganisha uwe mwanachama uchukue paketi ya kuanzia, mtandao uwe unakatakata.

Na kama kuna boksi hamjafungua, mrudishieni na risiti. Akikataa kulipokea, lichukue wewe uinywe asubuhi kabla ya kusoma, kahawa ni kahawa.

Shangazi